Mazoezi ya Muziki Uswahilini: Sauti Inapita Wapi, na Nani Aizuie?

Kila Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, linapotangaza operesheni dhidi ya kelele, maswali yaleyale huibuka Dar es Salaam. Kijana anayejifunza tarumbeta katika chumba cha kupanga Tandika, je, naye ni mkosaji kama mwenye baa aliyepanga spika barazani? Muziki wa mchana umeruhusiwa bila mipaka, na kosa huanza saa nne usiku tu? Na wale waliobandika trei za mayai ukutani wakaambiwa sauti haitatoka, mbona majirani bado wanalalamika? Majibu yanayozunguka mitaani yanapingana, na mkanganyiko huo unawaumiza wote wawili: anayehitaji kulala na anayehitaji kujifunza.

Uchambuzi huu unapima njia nne zinazopendekezwa: kuibana kelele kwa sheria, kuziba chumba, kuipunguza sauti kwenye chombo chenyewe, na kupatana juu ya saa na mahali. Kila njia ina watetezi wenye hoja nzito. Hata hivyo, ukizitazama kwa mizani ya fizikia ya sauti na ya nyumba zetu zilivyo, mpangilio wake hauwi sawa. Kwa nyumba za Temeke na Kinondoni, jirani hulindwa kwanza kwa kupunguza sauti kwenye chombo na kwa kuchagua saa. Ukuta hufuata, na sheria hubaki kwa yule aliyekataa yote hayo.

Muziki ulivyohamia chumbani

Tatizo hili lina historia. Bendi za dansi zilizoijengea Dar es Salaam jina zililelewa na taasisi. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964 na leo inajulikana kama Msondo Ngoma, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978, ililelewa kwa miaka mingi na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo maana ikaitwa DDC Mlimani Park. Vijana Jazz ilikuwa chini ya umoja wa vijana wa chama tawala. Jeshi, polisi na mashirika ya umma yalikuwa na bendi zao. Mwanamuziki wa namna hiyo alipewa ala, alilipwa mshahara, na alikuwa na ukumbi wa mazoezi. Sauti yake ya kujaribu, kukosea na kurudia haikuwa mzigo wa mpangaji wa chumba cha pili.

Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yaliuvunja mfumo huo kidogo kidogo. Mchiriku ulipotamba katika miaka ya 1990 ulitegemea kinanda kidogo cha Casio, ngoma na spika za honi, vitu ambavyo vijana wa mtaani waliweza kujichangisha wakavinunua. Bongo fleva na baadaye singeli, inayokimbia kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, vilikulia katika studio za chumba kimoja zenye kompyuta na sabufa. Muziki ukawa wa watu wengi zaidi, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini gharama ya mahali pa kujifunzia ilihama kutoka kwa taasisi ikamwangukia msanii na jirani yake. Wakati huohuo jiji lilizidi kujaa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, na sehemu kubwa yao wanaishi katika mitaa iliyojengwa bila kupimwa, ambako dirisha hutazamana na dirisha kwa umbali wa mita mbili au tatu. Ugomvi wa leo umetokana na mabadiliko hayo mawili kukutana, na kumlaumu kijana au kumlaumu jirani hakugusi chanzo chake.

Sauti inavyosafiri katika nyumba zetu

Sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki huwapotosha wengi kwa sababu hakiongezeki kwa kujumlisha. Desibeli 10 za ziada maana yake ni nguvu ya sauti mara 10, ingawa sikio huhisi kama imeongezeka maradufu tu. Spika mbili zinazofanana zikilia pamoja huongeza desibeli 3 tu juu ya ile iliyotolewa na moja. Kwa hiyo kumpumzisha mpigaji mmoja kati ya wawili hakumsaidii sana jirani; ili asikie tofauti ya kweli, nguvu ya sauti lazima ishuke mara 10 au 100. Umbali nao husaidia, kwa kuwa mahali pa wazi sauti hushuka takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Lakini Mwananyamala au Mbagala umbali huo haupo.

Kinachobaki ni ukuta na paa, na hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Uwezo wa kizuizi kukinga sauti hutegemea zaidi uzito wake. Mita moja ya mraba ya ukuta wa tofali za saruji za inchi sita hufikia takriban kilo 300. Mita hiyohiyo ya bati jembamba haizidi sana kilo 3. Kwa hesabu ya nadharia, tofauti ya uzito mara 100 ni tofauti ya desibeli 40. Mtu anaweza kujenga ukuta imara kabisa, kisha sauti ikatokea juu. Katika nyumba nyingi za vyumba sita zenye korido katikati, kuta za ndani huishia usawa wa kenchi na hakuna dari, hivyo sauti hupanda, hugonga bati na kushuka chumba cha jirani kana kwamba ukuta haupo.

Matundu ndiyo mabaya zaidi. Ukuta unaoweza kupunguza desibeli 50 ukiachiwa uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake, utapunguza takriban desibeli 20. Uwazi ukifika asilimia 10, zinabaki 10. Madirisha ya nyavu, matofali ya matundu na pengo kati ya ukuta na bati ni zaidi ya hapo. Nyumba za Pwani zimejengwa zipumue, kwa sababu joto na unyevu haviruhusu vinginevyo, na kila tundu linalopitisha upepo hupitisha sauti.

Jambo la mwisho ni besi. Katika hewa yenye joto la nyuzi 30, sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde. Noti nyembamba yenye mitetemo 1,000 kwa sekunde ina wimbi la sentimita 35. Besi ya mitetemo 50 ina wimbi la mita 7, refu kuliko chumba chenyewe. Wimbi refu namna hiyo hupinda kona kwa urahisi, hutikisa bati na vioo, na halizuiliki kwa kitu chepesi. Ndiyo sababu anayeishi nyumba ya tatu hasikii mashairi ya wimbo lakini anauhisi mdundo. Usiku hali huwa mbaya zaidi: magari hupungua na kimya huifichua sauti, na katika usiku mtulivu usio na mawingu ardhi hupoa kabla ya hewa iliyo juu yake, hivyo mawimbi hupinda kurudi chini na kufika mbali kuliko mchana.

Njia ya kwanza: sheria ibane

Wanaotetea sheria wana msingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo, zinaitambua kelele kuwa uchafuzi, na viwango vyake hutofautiana kati ya makazi na viwanda, na kati ya mchana na usiku. Kwa hiyo wanaodhani mchana hauna mipaka wanakosea: mchana kiwango hulegezwa tu. Hoja ya afya nayo ni nzito. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30, na mwongozo wake wa mwaka 2009 kwa nchi za Ulaya uliweka lengo la wastani wa desibeli 40 nje ya nyumba nyakati za usiku. Mlinzi wa zamu ya usiku anayelala mchana, mgonjwa, mtoto mchanga na mwanafunzi wa kidato cha nne hawapaswi kumwomba mtu haki ya kupumzika.

Udhaifu wa njia hii uko katika mambo mawili. Kwanza, kipimo kinachotumika zaidi duniani kwa kelele za mazingira, kipimo A, hufuata namna sikio linavyosikia sauti ndogo, na kwa hiyo huipunguzia besi uzito. Sauti ya mitetemo 63 kwa sekunde hukatwa takriban desibeli 26 katika hesabu. Sabufa inaweza kumnyima mtu usingizi huku mita ikionyesha namba ya wastani, wakati filimbi isiyotikisa chochote ikaonekana ndiyo kosa. Kipimo C, ambacho karibu hakiikati besi, kingesema kweli zaidi kuhusu muziki wetu. Pili, ukali wa sheria unaoifaa biashara yenye spika kubwa haumfai anayejifunza. Baa inaweza kuagizwa iweke vizuizi au ihame, kwa kuwa ina mapato. Mwanafunzi wa gitaa akitozwa faini ataacha gitaa, na taifa litakuwa limepoteza mwanamuziki kwa kosa la kukosa chumba.

Mahakama za nchi nyingine zimeiona tofauti hii. Mwezi Oktoba 2018, Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua shauri la mpiga tarumbeta wa Augsburg aliyeshitakiwa na majirani zake. Ilisema kupiga muziki nyumbani ni sehemu ya maisha ya kawaida na hakuwezi kupigwa marufuku kabisa, lakini lazima kuwe na mipaka. Kama mwongozo wa jumla ilitaja muda wa saa 2 hadi 3 kwa siku za kazi na saa 1 hadi 2 siku za Jumapili na sikukuu, bila kuingilia nyakati za mapumziko. Nyumba za Augsburg si nyumba za Yombo, na muda huo hauwezi kunakiliwa ulivyo. Kanuni iliyo nyuma yake ndiyo yenye thamani: zoezi lipewe haki yake na kikomo chake, badala ya kuachwa huru au kufutwa.

Njia ya pili: kuziba chumba

Hii ndiyo njia inayovutia zaidi na inayowapotezea watu fedha nyingi zaidi. Sababu ni kuchanganya kazi mbili tofauti. Kufyonza sauti ni kupunguza mwangwi ndani ya chumba. Kuzuia sauti ni kuikataza isitoke. Sponji, mazulia na mapazia mazito hufyonza, hasa noti nyembamba, na kwa hiyo rekodi husikika safi. Trei za mayai hata kufyonza kwake ni kudogo. Vyote hivi ni vyepesi, havina uzito wa kuzuia, na besi hupita kama kawaida. Ili kufyonza vizuri wimbi la mita 7, tabaka la sponji lingehitaji unene unaokaribia robo ya wimbi hilo, yaani zaidi ya mita moja na nusu. Chumba kilichobandikwa sponji pia humdanganya mpigaji: kwa kuwa mwangwi umepungua, anahisi kimya, kisha anapandisha sauti.

Kuzuia kwa kweli kunawezekana. Kunahitaji kupandisha kuta hadi kwenye bati na kuziba pengo kwa zege, kuweka dari nzito ya tabaka mbili isiyogusana na kenchi, kufunga mlango wa mbao nzito wenye mpira pembeni, na kufunika madirisha. Anayemiliki nyumba na kutarajia mapato ya studio anaweza kufanya hivyo. Lakini akimaliza kuziba matundu atakuwa amefunga hewa, na Februari ya Dar es Salaam hakuna atakayefanya mazoezi ndani bila kiyoyozi, chenye gharama yake ya kununua na ya umeme. Mpangaji anayelipa kodi ya miezi sita hawezi kujenga dari katika nyumba ya mtu. Hata hivyo si sahihi kusema ukuta hauna maana. Hatua ndogo zina faida yake: kuhamia chumba kisichopakana na chumba cha kulala cha jirani, kufunga dirisha la upande wake na kuacha la upande wa barabara, kuinua spika kutoka sakafuni na kuiweka juu ya mpira mzito ili mtetemo usiingie kwenye msingi. Zinapunguza, ingawa hazimalizi.

Njia ya tatu: kupunguza kwenye chombo

Hesabu rahisi inaonyesha uzito wa njia hii. Tarumbeta hufikia kirahisi desibeli 95 karibu na mpigaji. Dirisha wazi hupunguza takriban 15, umbali wa mita chache kama 10, na dirisha la jirani lililoachwa nusu wazi 15 nyingine. Chumbani kwa jirani zinafika takriban 55, wakati mwongozo ni 30. Pengo la desibeli 25 ni vigumu kuliziba kwa ujenzi wa bei nafuu. Kizibo cha mazoezi kinachoingizwa mdomoni mwa tarumbeta kinaweza kukata takriban 20 au zaidi, na ukifunga dirisha la upande huo pengo limekwisha. Kinanda cha umeme na gitaa la umeme hupigwa kwa hedifoni. Mpiga dramu anaweza kuzoeza mikono juu ya pedi ya mpira. Mtengenezaji wa singeli anaweza kupanga mapigo yote kwa hedifoni na kuwasha sabufa kwa muda mfupi tu wa kuhakikisha besi. Ndiyo maana njia hii ni bora kwa wengi: haidai kubomoa nyumba, haizibi hewa, na inaipunguza besi kabla haijazaliwa.

Pingamizi zake ni za kweli. Ya kwanza ni afya ya masikio: Shirika la Afya Duniani linashauri usikilizaji usizidi desibeli 80 kwa muda wa saa 40 kwa wiki, na ukifika 90 muda salama hushuka hadi saa 4. Hedifoni humlinda jirani na zinaweza kumuumiza mpigaji asiyejihadhari. Ya pili ni ya ufundi: kizibo hubadilisha upinzani wa pumzi, na anayekitegemea siku zote hajui sauti yake halisi. Ya tatu ni kubwa zaidi. Kwaya haiimbi kwa hedifoni, na ngoma ya asili haina waya. Taarabu, matarumbeta ya harusi na vikundi vya ngoma huishi kwa watu kusikilizana. Kwa hiyo njia hii hutatua zoezi la mtu mmoja, yaani noti, vidole, pumzi na mapigo, ambalo ndilo hurudiwa kila siku na ndilo huwachosha majirani zaidi. Zoezi la kikundi linahitaji jibu lingine.

Njia ya nne: saa na mahali

Jibu hilo ni kupatana. Muziki wenye saa inayojulikana huudhi kidogo kuliko muziki unaoweza kuanza wakati wowote, kwa sababu jirani anaweza kupanga usingizi, masomo na ibada yake. Serikali ya mtaa na balozi tayari husuluhisha migogoro ya maji machafu, mipaka na kodi. Ratiba ya mazoezi inaweza kuingia mezani hapohapo. Muafaka mzuri hutaja siku, saa ya kuanza na kumaliza, ala zinazohusika, na nani aambiwe kukiwa na msiba au mgonjwa. Jioni, kati ya watu kurudi kazini na watoto kulala, jiji lenyewe lina kelele za kutosha kulifunika gitaa moja.

Wapinzani wanasema makubaliano huwapendelea wenye nguvu. Mpangaji hawezi kumkatalia mtoto wa mwenye nyumba, na aliyehamia jana hana sauti kikaoni. Pingamizi hilo ni sahihi, na ndilo linaloonyesha kazi halisi ya sheria: kuwa kinga nyuma ya makubaliano, ili mnyonge awe na mahali pa kwenda muafaka ukivunjwa au ukiwa wa kulazimishwa. Makubaliano bila sheria huwa huruma ya mwenye nguvu, na sheria bila makubaliano hugeuza kila noti kuwa shauri.

Mahali ndipo penye nafasi kubwa iliyosahaulika. Kila kata ina shule ambazo madarasa yake hubaki tupu baada ya vipindi, na nyingi zina uwanja unaozitenga na makazi, umbali ambao mitaa imeukosa. Makanisa yana kumbi zinazotumika siku chache kwa wiki. Mitaala mipya ya shule iliyoanza kutekelezwa mwaka 2024 imetoa nafasi kwa sanaa na michezo, kwa hiyo kumfungulia darasa mwanafunzi wa muziki jioni si kuitoa shule kwenye kazi yake. Yapo ya kushughulikia: ulinzi wa madawati, umeme, usafi, usalama wa wasichana wanaorudi giza likiingia. Yote yanahitaji mwalimu au mlezi anayelipwa posho, na manispaa zinapaswa kuitengea bajeti. Gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na kujenga dari nzito katika kila nyumba yenye kijana mwenye kipaji. Tena inarudisha kile ambacho bendi za zamani zilikuwa nacho: taasisi inayobeba sehemu ya mzigo wa sauti.

Mizania

Ukizipanga njia hizi kwa gharama na faida, sura inajitokeza. Kupunguza kwenye chombo kuna faida kubwa kwa fedha kidogo, lakini kunamfaa mtu mmoja. Saa na mahali vinalifaa kundi, na vinadai uaminifu na uongozi wa mtaa. Ujenzi unamfaa mwenye nyumba na mwenye studio ya biashara, na hauwezi kuwa sharti kwa mpangaji. Sheria inamfaa anayeumizwa na mtu asiyesikia ombi, na itakuwa ya haki zaidi ikipima besi ipasavyo na kutenganisha mazoezi na biashara ya spika kubwa.

Wapo watakaosema mpango huu unamdai mwanamuziki kuliko jirani. Ni kweli, na ndivyo inavyopaswa, kwa kuwa anayetoa sauti ana uwezo wa kuipunguza, ilhali asiyeitoa hana uwezo wa kufunga masikio yake usingizini. Lakini jirani naye ana wajibu: kuvumilia saa zilizokubaliwa, hata noti zikiwa za kuparaza, kwa kuwa hakuna aliyezaliwa anajua kupiga. Na mamlaka zina wajibu ulio mkubwa kuliko wa wote wawili. Jiji linalojivunia wasanii wake waliotoka Tandale na Temeke haliwezi kuwaachia wajifunzie popote wapatapo, kisha likaja na mita ya desibeli. Anayetaka wanamuziki na anayetaka usingizi wanaweza kuhudumiwa na hatua zilezile: chombo kinyamazishwe kinaponyamazishika, saa zijulikane, shule na kumbi zifunguliwe, na sheria imsubiri aliyekataa.